Baiskeli ya Uzi Isiyo na Cheni

Ninyi mnaofuma kwa mashine, mnaoingia dukani na kutoka na uzi uliokwisha kuviringwa, wekeni kazi chini kidogo mnisikilize. Nimefuma tangu nikiwa mke kijana mpaka macho yaliponiambia basi, bibi, inatosha. Miaka yangu ya mwanzo sikununua hata pima moja ya uzi. Kila nilichofuma kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine. Kofia ilikuwa sweta, sweta ilikuwa soksi za askari, na nguo ya kitanda cha mwanangu Wande ilikuwa nyuzi za mifuko ya unga. Mkikosa rangi mnayoitaka mnanuna siku nzima, nami nakaa pembeni nawatazama, moyoni nacheka.

Sindano zangu za kwanza zilikuwa njiti za gurudumu la baiskeli. Ukiipata njiti nzima, unaikata kichwa, unainyoosha kwa kuigonga juu ya jiwe bapa, kisha unaisugua ncha kwenye jiwe la kusagia mpaka ipite kwenye kanga bila kunasa hata uzi mmoja. Mwisho wa pili unauchomeka kwenye kipande cha gunzi, vitanzi visidondoke. Halafu unaipaka mafuta ya kichwani. Sindano za namna hiyo nilizitumia miaka mingi, na zenu za plastiki nimeziona zikivunjika mikononi mwenu mara ngapi?

Aliyenifundisha alikuwa mwanaume. Naam, mwanaume, tena mwenye ndevu. Wakati huo tuliishi Geita, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, ambako mume wangu Masanja alisukuma magari ya mawe. Jirani yetu alikuwa Mzee Ramadhani, Mmanyema wa Ujiji. Alikwenda kwenye vita ya Wazungu akarudi na goti moja zima na ufundi wa kufuma. Goti la pili lilipigwa risasi, akalazwa hospitali ya jeshi miezi na miezi, na wauguzi wakawapa wagonjwa sindano ili wasigombane kwa kuchoka kulala. Kambini wanaume walimcheka. Ilipofika baridi ya mwezi wa saba, zamu ya alfajiri ikaanza kupita mlangoni kwake mmoja mmoja, shikamoo nyingi, na kila mmoja ameshika masikio yake kwa baridi, anataka kofia.

Niliomba anifundishe, akaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Nilikuwa nimemdanganya, maana mimi nina haraka tangu kuzaliwa.

Kazi yangu ya kwanza ya kupewa na mtu wa nje ilikuwa kofia ya nyapara mmoja mrefu. Nilifumua sweta kuukuu la jeshi na kuanza kufuma papo hapo, uzi ungali umejikunja kunja kama nywele zilizosukwa jana. Kofia ilitoka nzuri ajabu. Nyapara akaivaa, akasifu, akaondoka. Siku ya mvua ya kwanza kofia ilikunywa maji, uzi ukajinyoosha, ikamshuka macho, ikamshuka pua, mpaka akaingia kambini ameshika ukuta huku akiniita jina langu. Nilijificha chooni.

Mzee Ramadhani alicheka mpaka goti zima nalo likamuuma. "Mama Wande," akaniambia, "uzi nao una kumbukumbu. Huu bado unajiona sweta. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uutundike na jiwe chini, uuache usahau kwanza. Ndipo uufundishe kuwa kofia."

Hilo liandikeni mahali. Hata uzi wa dukani ukishafumuliwa, uoshwe, utundikwe na jiwe. Msije mkajificha vyooni.

Sasa niwaambie habari ya ile baiskeli, ambayo mmekuwa mkiniuliza kila mkiiona juu ya kabati langu. Kama si hiyo baiskeli, mimi nisingekuwa fundi, na ninyi leo mngekuwa mnafundishwa na mtu mwingine, labda mpole zaidi.

Mwaka wetu wa tatu Geita, baba mkwe alituma neno kwamba pamba ni nyingi na mikono ni michache, mke wa Masanja aje kusaidia. Nikamfunga Wande mgongoni, nikafunga na sindano zangu kwenye kitambaa, nikaenda Shinyanga vijijini, nyumbani kwa wakwe. Masanja alibaki mgodini.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnatazama televisheni. Kwetu mkamwana hakumkaribia baba mkwe. Humtazami usoni, hupiti mbele yake, hushiki kitu chake, na mahali anapokaa wewe hukanyagi. Akitaka kukuambia jambo anamwambia mama mkwe, hata kama wewe umesimama pale pale na unasikia kila neno. Nawe unajibu kwa mama mkwe, naye mzee anasikia kila neno. Kwa hiyo neno moja lilisemwa mara mbili, na mama mkwe, Mama Masanja, aliyekuwa na ulimi wake, alilitia chumvi katikati.

Baba mkwe alikuwa Luhende, manju wa ngoma wa Wagika. Mnajua mashindano yetu: baada ya mavuno Wagika na Wagalu wanacheza uwanja mmoja, saa ile ile, kila upande na ngoma zake. Hakuna mwamuzi. Watu wanakwenda wanakovutwa, na upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo manju alihitaji sauti, na alihitaji pia kioja. Kioja cha Luhende kilijulikana mpaka Kahama. Alikuwa akiing'ata baiskeli yake bomba la juu, akaiinua kwa meno, akacheza nayo. Ilikuwa sheria yao kwamba manju akishaking'ata kitu hakiachi mpaka ngoma inyamaze. Akikiachia, ameshindwa.

Lakini mwaka ule meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamebaki kwenye muwa. Wagalu nao walikuwa wamepata chatu. Mzee akawa mkali kama siafu, na ukali wake ukanifikia mimi.

Jioni moja tunachambua pamba, mimi nimemaliza fungu langu, nimetoa sindano. Mzee akapita, akasimama, akageukia mbuzi ili asinitazame mimi.

"Mama Masanja, mwambie mkamwana, ngoma za mwaka huu zikiisha, vile vyuma avilete kwangu. Nitavirudisha kwenye gurudumu vilikotoka. Mwanamke wa hapa ana jembe, hana vyuma viwili vya kugombanisha."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie baba nimesikia."

Nilisikia, na niliungua. Sikuwa mvivu wa jembe, ninyi nijueni hivyo. Pamba nilichuma kuliko wakamwana wenzangu wote wa pale. Lakini jembe nilipewa, na kufuma nilikutafuta mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa hasira, Wande naye akalia kwa kunitazama.

Mama mkwe alinifuata huko. Akakaa juu ya kinu, akasema, "Nyamaza, mayu, mama yangu. Yule hasikii maneno. Miaka yote hii nimemwambia maneno, yameingia wapi? Yule anasikia baiskeli tu. Mfumie baiskeli."

"Baiskeli ya uzi?"

"Ndogo. Aifunge juu ya mti aende nayo uwanjani. Kama hana meno ya ile kubwa, awe na kioja kingine. Akishinda kwa vyuma vyako, nione atavichukuaje."

Ndipo kazi ikaanza, na kazi yenyewe ilikuwa na tatizo ambalo lingewashinda nyote. Baiskeli ya kuigiza ilikuwa ya baba mkwe. Ilikuwa nyeusi, ikipanguswa kila asubuhi kwa kitambaa chake yenyewe, na iliegemezwa ukutani kwenye nyumba yake, mahali nisipokanyaga. Tena siku zote iliegemezwa upande ule ule, kwa sababu wajukuu walikuwa na tabia ya kutia vidole palipo na meno ya chuma. Mimi nilikuwa naitazama kwa mbali, nikiwa kwenye kinu, huku najifanya natwanga. Twanga mara tatu, tazama usukani. Twanga mara tatu, tazama madigadi. Unga wa wiki ile ulikuwa mlaini kuliko wote niliowahi kutwanga.

Vifaa vilikuwa mabaki matupu. Masanja alikuwa amenitumia kopo la waya mwembamba uliotupwa mgodini, nikaupinda kuwa fremu, urefu wake toka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Uzi ulikuwa wa ile kofia ya nyapara, maana alinirudishia, kwa kunitupia. Niliuchemsha na magome ya mgunga, nikauzika siku mbili kwenye tope jeusi la mbuga, ukatoka mweusi kama masizi. Siti niliikata kwenye mpira wa ndani uliopasuka. Kengele ilikuwa kifuniko cha chupa ya soda. Magurudumu niliyafuma duara juu ya pete za waya, kwa sindano nne, na njiti zake ni nyuzi za mfuko wa unga zilizovutwa toka katikati, moja moja, zikikazwa kwa kupishana, hii kulia hii kushoto. Mkizikaza zote upande mmoja kwanza, gurudumu linapinda kama mkate uliokaliwa. Najua kwa sababu nilifumua mara tatu.

Kitu kilichofumwa ni laini, hakisimami. Kwa hiyo nikakipaka uji mzito wa muhogo, nikakianika juani juu ya ungo. Kikikauka kinakuwa kigumu kama ubao. Niligeuka kumnyonyesha Wande. Niliporudi, mbuzi wa mama mkwe alikuwa amemaliza gurudumu la mbele na ameanza usukani, ametulia kabisa, kama mtu aliyekaribishwa.

Nilimfukuza mpaka kisimani. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikafuma upya, vidole vikatoka malengelenge. Uji wa safari ile niliutia pilipili, zile ndogo za kichaa, kiganja kizima, nimezitwanga zikawa unga. Nikapaka baiskeli nzima, mara mbili, nikaianika pale pale. Mbuzi akaja, akalamba mara moja, akaondoka bila kuaga. Nilifurahi sana kwa akili yangu.

Asubuhi ya mashindano mama mkwe alimpelekea. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Mzee aliishika baiskeli ndogo, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akasema "Hm." Akaigeuza tena. "Hm." Kisha akaifunga juu ya ufito akaondoka nayo. Sikujua zile "hm" mbili zina maana gani.

Uwanjani tulikuwa watu kama mchanga. Ngoma zilianza pande zote mbili, na mwanzoni watu waligawanyika sawa. Kisha Wagalu wakafungua kapu, kijana mmoja akatoka na chatu shingoni. Basi! Watu wakakimbia kwenda kule kama maji yaliyopata mteremko. Upande wetu walibaki wapiga ngoma, wake zao, na wazee wasioweza kukimbia. Baba mkwe aliinua ufito wake na baiskeli yangu juu. Mtu mmoja akasema kwa huruma, "Ni nzuri." Hapo nilijua sindano zangu zimekwenda.

Ndipo mzee mmoja kati ya wale wasioweza kukimbia akapaza sauti: "Luhende! Mwaka jana uling'ata baiskeli! Ng'ata!"

Wenzake wakadakia. "Ng'ata! Ng'ata!"

Baba mkwe akasimama. Nikamwona anafikiri. Akaishusha baiskeli kutoka kwenye ufito, akaiweka chini, akaizunguka. Akajaribu kuiinua kwa mkono mmoja, akajifanya imemshinda. Akafuta jasho. Akaita vijana wanne, nao wakaelewa mchezo, wakainama kuikamata kila mmoja na kona yake, wakiguna, magoti yakitetemeka, baiskeli yenyewe haifiki uzito wa kuku. Watu wakaanza kucheka, na waliokuwa kule wakaanza kugeuza shingo. Mimi nilicheka pamoja nao mpaka nilipomwona anafungua mdomo.

"Mama," nikamshika mama mkwe, "pilipili!"

"Pilipili gani?"

Alikwishang'ata.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha macho yake yalitoka. Kisha yakajaa maji. Kisha Luhende, manju wa Wagika, mtu mzima mwenye wajukuu, aliruka juu hivi, akatua, akaruka tena. Kuiachia hawezi, amekwishaing'ata, sheria ni sheria. Alizunguka uwanja kwa mguu mmoja, akarudi kwa mwingine, akajipiga mapaja, akajitupa chini, akainuka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na baiskeli bado iko kwenye ufizi. Wapiga ngoma walidhani ni mtindo mpya. Wakamfuata miguu, naye alivyozidi kuungua ndivyo walivyozidi kupiga, na walivyozidi kupiga ndivyo alivyokosa pa kuachia.

Watu walirudi wote. Walirudi mbio, wakiita wenzao, wakisema Luhende amepandwa na mizimu ya baiskeli. Hata yule kijana wa Wagalu alikuja kutazama, chatu bado yuko shingoni, na hakuna aliyemjali.

Ngoma zilinyamaza. Mzee akaitoa baiskeli mdomoni. Midomo ilikuwa imevimba kama maandazi. Katika ule ukimya Mgalu mmoja mwenye wivu akapiga kelele: "Baiskeli yenyewe haina cheni!"

Watu wakatazama. Mimi pia nikatazama. Cheni ni nini? Wallahi, wasichana, sikujua. Mtaniuliza, hukuwahi kuona baiskeli nyingine? Niliziona zikipita. Kitu kinachopita hukioni, unaona vumbi na mtu juu yake. Nilikuwa nimepakiwa nyuma mara mbili maishani, miguu upande wa kushoto kama wanawake wote, na cheni iko kulia. Na ya baba mkwe, cheni ndiyo ile iliyoelekezwa ukutani. Nilikuwa nimefuma upande mmoja niliouona, na upande wa pili nikaufuma ule ule. Aibu ilinishika toka nyayo.

Lakini baba mkwe akafuta machozi, akainua baiskeli yangu juu, akasema kwa ulimi mzito:

"Bila cheni imewaleta wote huku! Ingekuwa nayo, ingewafikisha Mwanza!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Wagika tulishinda, na nadhani kicheko kile kilisikika Isaka.

Njia nzima ya kurudi mzee alikunywa maziwa mgando. Tulipofika, alikaa kwenye kigoda chake, akamgeukia yule mbuzi.

"Mama Masanja, muulize mkamwana alitia nini kwenye ule uzi."

"Mwambie baba, nilitia pilipili. Kwa ajili ya mbuzi."

Mzee akamtazama mbuzi.

"Mwambie mkamwana," akasema polepole, "mimi si mbuzi."

Mama mkwe alijaribu kulifikisha neno hilo, akashindwa. Alianza "Baba anasema yeye si—" akaanguka juu ya pamba akicheka. Nikafuata mimi. Na nyuma yangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamsikia baba mkwe akicheka, kicheko cha mtu asiye na meno ya mbele, kama mtoto.

Lakini kucheka si ruhusa. Ngoma zilikuwa zimeisha, na neno lake lilikuwa neno. Nilifunga sindano zangu kwenye kitambaa, nikampa mama mkwe ampelekee, kwa sababu sikutaka kusubiri kudaiwa. Nililala nikijiambia nitazoea.

Asubuhi nilitoka na mtama wangu kwenda kwenye kinu. Kitambaa changu kilikuwa kimewekwa juu ya mchi. Nikakifungua, sindano zote zimo, tena zimepakwa mafuta, si ya kichwani, ni mafuta ya baiskeli. Kabla sijaelewa, nikasikia sauti yake huko kwake.

"Mama Masanja, mwambie mkamwana mimi nakwenda kwenye ng'ombe. Sirudi mpaka jua la utosi. Na hapa kwangu leo hakuna mwenyewe."

Alikwenda kwa miguu. Hakuwahi kwenda kwenye ng'ombe kwa miguu. Nikainua macho kutazama ukutani.

Alikuwa ameigeuza. Baiskeli iliegemea upande mwingine, na ule upande ambao sikuwahi kuuona ulikuwa umenitazama mimi. Mama mkwe alinisukuma mgongoni kwa kiganja. "Nenda, ng'wanone, mwanangu. Kazi ya fundi ni kuona."

Nikaenda. Nilikanyaga mahali nisipokanyaga, nikachuchumaa, nikaishika cheni kwa vidole vyangu. Nilihesabu meno ya lile gurudumu dogo, nikayahesabu tena, sikuwa na haraka hata kidogo. Nililia, na safari hii haikuwa hasira.

Cheni niliifuma wiki ile, vitanzi viwili viwili, nikampelekea mzee kupitia mama mkwe. Ikarudi na jibu: mwambie aiweke, ya bila cheni ndiyo iliyoshinda. Ndiyo maana iliyo juu ya kabati haina.

Ile kubwa hakuigeuza tena. Aliiegemeza vile vile mpaka alipofariki, cheni nje, na mtu akimuuliza kwa nini anawaachia watoto hatari, alisema ukuta ndio umetaka. Wajukuu walilipa kwa vidole vyao. Wande wangu ana kovu kwenye kidole cha shahada hadi leo, alilipata alipoanza kutambaa. Mkimwuliza limetoka wapi, hasemi ni baiskeli. Anasema hapo ndipo babu alipomruhusu mama kufuma.